Kilo 90 za kwenye pakiti hazikuhusu

SWALI: Napiga picha za harusi hapa Mombasa kwa kamera ya Canon 5D Mark IV na lenzi ya kuvuta mbali ya milimita 70-200. Nataka mkanda wa kamera wa kufyatua haraka, yaani unaofunguka na kufungika mara moja, maana kila mara naitoa kamera kwenye stendi ya miguu mitatu naingia kwenye umati wa watu. Nimeonyeshwa aina mbili: mmoja unafungwa kwa skrubu chini ya kamera, mwingine una klipu za kunasa kwenye masikio ya kamera, vile vishikio vya pembeni vya kufungia mkanda. Muuzaji anasema ule wa skrubu unabeba kilo 90, na ukilegea nitie tone la supa gluu. Ninunue upi? – Msomaji, Kisauni.

JIBU: Ndugu yangu, hilo tone la gluu liache huko huko dukani. Nitalirudia.

Kwanza hizo kilo 90, kwa sababu hakuna wiki inayopita bila mtu kunitajia namba kama hiyo. Kamera yako na lenzi hiyo, kama ni f/2.8 toleo la pili, ni karibu kilo 2.4. Tuseme imekuponyoka mkononi, imeanguka sentimita 30, mkanda ukaidaka na kuisimamisha ndani ya sentimita 3. Mshtuko wake ni kama uzito huo mara 11, yaani kilo 26 hivi kwa mpigo mmoja. Kamba ya kilo 90 inastahimili bila taabu. Lakini namba ile ni ya kamba. Skrubu je? Kitufe cha klipu je? Kamera zinazoletwa mezani kwangu zimevunjika, mara nyingi mkanda wenyewe ni mzima kabisa, bado uko shingoni mwa mwenyewe. Kilichoachia ni pale ulipounganishwa.

Skrubu ya stendi ni ya robo inchi, na tundu lake limewekwa ili kamera ikae juu ya stendi. Ukiining'iniza na kutembea nayo, inayumba na kujizungusha, na kila hatua inailegeza kidogo. Hukazi leo ukasahau mwezi mzima. Sasa mtu anakwambia utie gluu! Supa gluu ikikauka ni ngumu lakini haivumilii mtikisiko, hupasuka. Mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya vitu vilivyo karibu, kioo cha lenzi kikiwemo. Na siku ya kuifungua, thredi za tundu zinaharibika. Nimeshachimbua skrubu za namna hiyo kwa drili nyembamba, mwenyewe amesimama mbele yangu mikono kichwani.

Kwa hiyo chukua wa klipu. Ila usining'inize mzigo wote kwenye masikio ya kamera, maana lenzi yako ni nzito kuliko kamera na itakuwa inavuta pale zinapoungana. Lenzi hiyo ina pete yenye mguu wa kuifungia kwenye stendi. Funga hapo kibao cha stendi (kile kibati kinachoshika kamera kwenye stendi) chenye tundu, ukikaze kwa ufunguo wa aleni, ule wa pembe sita, si kwa vidole, kisha klipu moja ipite kwenye tundu hilo na ya pili ishike sikio la kamera. Kibao kikilegea, sikio litaidaka.

Kisha kuna chumvi yetu. Juzi nilifungua klipu ya kijana mmoja anayepiga picha ufuoni. Ndani ya kitufe mlikuwa na chembe mbili za mchanga, na springi imekula kutu. Ukibonyeza kinaingia, ukiachia kinabaki katikati. Kwa nje utaapa imefunga. Nikaivuta kwa upande, ikachomoka. Usitie mafuta, yanashika mchanga. Iloweke kwenye maji matamu, ibonyeze humo humo mara nyingi, ikauke kivulini. Na mkanda mpya usiujaribu kwa kamera. Tia pakiti ya unga ya kilo 2 na nusu kilo ya sukari kwenye mfuko, uning'inize juu ya godoro, uustue mara 20.

Wengi hawafanyi hivyo, na wauzaji wanalijua hilo. Wanaiga umbo na rangi ya mikanda halisi, namba wanaichapa tu, chuma ndani ni laini. Wengine klipu ikipotea wanaweka pete ya funguo, ambayo ukingo wake unakata nyuzi za kamba taratibu bila wewe kuona. Kamera ya laki na zaidi, imeshikwa na pete ya shilingi 20! Hili linaniuma kila ninapoliona.

Kama mkanda wako ni wa kampuni ya Peak Design, vile vifundo vyake, yaani vitanzi vinavyofungwa kwenye kamera ili klipu inase hapo, vina kamba nyeusi kwa nje, na chini yake tabaka za njano na nyekundu, ili ulikaji uonekane. Vipitie kwa kidole na kwa jicho kabla ya kila kazi. Ukiona njano inachungulia, badilisha jioni hiyo hiyo, usiende nayo kwenye harusi ya kesho.