Msanii akikukaa kichwani, anza na gunia lake

Kuna wasanii unaangalia kazi yao unasema ni poa unaendelea na maisha, halafu kuna yule mmoja anakuganda, unapika unamfikiria, unalala unamfikiria. Wangu ni Ibrahim Mahama wa Ghana, mzaliwa wa Tamale, 1987. Kilichonimaliza ni picha za kazi yake ya 2015 kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, "Out of Bounds", magunia makuukuu yameshonwa pamoja mpaka yakafunika kuta za njia ndefu, watu wanapita katikati wanaonekana wadogo kabisa.

Sasa ushauri wangu kama na wewe umepatwa na hii kitu: usikimbilie wachambuzi kwanza. Maelezo mengi ya galeri ukibadilisha jina la msanii bado yanasomeka vilevile, na ukimaliza bando limeisha na huna kitu mkononi. Anza na ile kitu kazi imetengenezwa nayo, uliza ilitoka wapi, ilibeba nini, ikapita kwa mikono ya nani.

Magunia ya Mahama yanatoka Asia, bodi ya kakao ya Ghana inayaagiza ya kubebea kakao ya kuuza nje, yakishamaliza hiyo kazi yanashuka sokoni yanabeba mchele, mahindi, na mwisho kabisa makaa. Yeye anaenda kwa wafanyabiashara anawapa mapya anachukua yale machakavu. Nikisoma hivyo nikasema kwani hapa kwetu je? Nikashuka Marikiti, lile soko la Nairobi, asubuhi mapema, nikatafuta mzee mmoja anayeshona midomo ya magunia, nikamwambia ukweli kwamba nafuatilia kazi ya msanii wa Ghana. Hakushangaa hata. Akanivutia gunia moja la katani limechoka, akanionyesha kiraka chenye uzi wa rangi mbili, akasema huu mshono umelala upande huu kwa sababu aliyeshona ni wa mkono wa kushoto, na hizi herufi za rangi nyeusi ni za mwenye mzigo, na hizi zingine zilizofifia ni za mwenye mzigo aliyetangulia. Jameni, nilirudi nyumbani nikafungua tena zile picha za Venice nikazikuza, na herufi ziko palepale, majina ya watu juu ya majina ya watu, na mimi kabla ya hapo nilikuwa naona rangi ya kahawia tu.

Na hapo ndipo nikafika kwa zile picha zake za mikono, ambazo mpaka leo zinanisumbua kuliko magunia yenyewe. Wasichana wanaotoka kaskazini mwa Ghana kwenda kutafuta kazi miji mikubwa ya kusini, wamechorwa tattoo kwenye mkono, jina, ili wakipata ajali huko mbali mtu ajue ni wa nani. Mahama akazipiga picha. Mtu na gunia wote wameandikwa jina kwa sababu wote ni wa safari na wanaweza kupotea, hiyo sidhani ningeiona kama sikuwa nimekaa na yule mzee.

Njia hii inafanya kazi hata kwa kazi zake zingine. 2019 kule Manchester alitengeneza "Parliament of Ghosts", yaani bunge la mizimu, amechukua viti vya daraja la pili vya treni kuukuu za Ghana akavipanga kama ukumbi wa bunge, watu wanaingia wanakaa. Fuata kiti, utafika kwa reli: Waingereza walianza kuijenga Sekondi mwaka wa 1898, ikafika Kumasi 1903, kazi yake kubwa kutoa dhahabu na mali zingine mpaka baharini. Linganisha na yetu, ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, Kisumu 1901. Basi nenda Railway Museum ya Nairobi, pale karibu na stesheni, kaa karibu na yale mabehewa ya zamani bila haraka, angalia mbao, angalia nani alipangiwa kukaa wapi. Utaelewa kwa nini mtu aliita viti bunge.

Mengine ni madogo. Panga kazi zake kwa mwaka uone zinavyozaana, na tafuta video ndefu anaongea mwenyewe badala ya vipande vya dakika moja, Mahama ni mtu wa kueleza vizuri sana na mara nyingi anarudi kwa watu wanaoshona naye. Wachambuzi wasome mwisho, saa hiyo utawajibu.

Na kama unataka wa kuanza naye ambaye ni wa hapa kwetu, mtafute Naomi Wanjiku Gakunga, Mkenya anayeishi Texas, anafanya kazi na mabati, anayaacha yashike kutu mpaka yatoe rangi. Kabla hujasoma chochote juu yake nenda uongee na fundi wa mabati, na umuulize kuhusu vikundi vya akina mama waliokuwa wanachangishana kuezekeana nyumba kwa mabati.