Kung'oa jino huku unatumia warfarin

Dada, usimwachishe mama warfarin (ile dawa ya kuzuia damu kuganda) siku tatu eti kwa sababu ya jino. Kwa mwenye vali ya bandia ya moyo kama yeye, damu ya fizi inazuilika. Damu ikiganda kwenye vali, au bonge likapanda kichwani, hapo ndipo balaa. Apime INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) siku moja kabla, au ndani ya saa 72 kama vipimo vyake huwa vimetulia. Ikiwa chini ya 4, kwa kawaida jino hung'olewa dawa ikiendelea: daktari anashona kidogo, anampa gozi aing'ate dakika 20 hivi bila kuchungulia-chungulia. Nendeni Jumatatu asubuhi, si Ijumaa jioni, damu ikisumbua mpate mtu.

Na akiandikiwa Flagyl, yaani antibiotiki ya metronidazole (huku kwetu meno na Flagyl ni ndugu!), semeni wazi anatumia warfarin, maana hiyo huipandisha INR vibaya. Maumivu, panadol kwa kipimo cha kawaida. Diclofenac na ibuprofen hapana. Daktari wa moyo ajue mapema pia, vali ya bandia huhitaji antibiotiki kabla ya kung'oa.