Hiyo "/=" ndiyo inayokuharibia hesabu

Nimeingiza michango ya wanachama wa SACCO kwenye Excel, jumla inatoka 0. Kompyuta imeharibika? (Mweka hazina, Jinja)

Haijaharibika, ndugu. Umeandika 50,000/= kama kwenye kitabu cha risiti. Ukiitia alama hiyo kwa mkono, Excel huichukua seli nzima kuwa maandishi, na SUM, ile fomula ya kujumlisha, huyaruka maandishi bila kukuonya. Itazame seli yenyewe: namba huegemea kulia, yako imeegemea kushoto.

Chagua safu yote, bonyeza Ctrl+H, andika /= kwenye nafasi ya kutafuta, ya kubadilishia iache tupu, kisha badilisha zote. Ukiitaka alama irudi, bonyeza Ctrl+1, ingia Custom, andika #,##0"/=". Seli itaonyesha 50,000/= ilhali ndani mna 50000 tu.

Na wewe una bahati, maana 0 inaonekana. Ninachokiogopa ni orodha ya watu 80 ambamo seli 3 tu zimeandikwa hivyo. Jumla inatoka, inapendeza, inasomwa mbele ya mkutano mkuu, kumbe ni pungufu. Hizo ni fedha za watu. Kagua safu kwa macho kabla hujaamini jumla.

Njia ya haraka ya kuweka koma za maelfu? (Mbale)

Ctrl+Shift+1. Itakuletea na .00, ambazo kwa shilingi yetu hazina kazi. Ziondoe kwa kubonyeza Alt, kisha H, kisha 9, na urudie mara ya pili.

Seli zangu zimejaa ####. (Kampala)

Safu ni nyembamba. Bofya mara mbili kwenye mpaka wa kichwa chake. Swali hili lisirudi tena, tafadhali.

Namba za simu zinapoteza 0 ya mwanzo. (Mwenye duka, Arua)

Namba ya simu haijumlishwi na kitu, basi iwe maandishi. Kabla hujaandika chochote, chagua safu, Ctrl+1, Text. Fanya hivyo pia kwa namba za akaunti na za kadi: Excel hushika tarakimu 15 tu, ya 16 huigeuza 0, na ikishageuka hairudi.

Tarehe ya leo niweke kwa Ctrl+; au =TODAY()? (Karani, Busia)

Kwa risiti, Ctrl+; peke yake. TODAY() hubadilika kila kukicha; risiti ya Machi ukiifungua Juni itajiita ya Juni.

Jambo hukuliuliza: kompyuta nyingi huja zimewekewa mpangilio wa Marekani, mwezi ukitangulia siku. Ukiandika 3/4/2025 ukikusudia Aprili 3, yenyewe inahifadhi Machi 4. Bonyeza Ctrl+Shift+3 uone mwezi kwa herufi. Ukikuta Mar, rekebisha kwanza mpangilio wa nchi kwenye Windows, ndipo uziandike tarehe upya, moja moja, ukiwa na risiti mkononi.