Msimfungie Mjamzito Anayebwia Unga

Juzi usiku dada mmoja wa Duga, hapa Tanga, aliniandikia: "Dada, mdogo wangu ana mimba ya miezi mitano na anabwia unga, heroini. Tumemfungia ndani aache kabla hajajifungua. Leo siku ya pili, anatapika tu. Tumefanya vizuri?" Nilimjibu papo hapo: mfungulieni, mpelekeni hospitali sasa hivi. Leo nampa sababu, maana na mimi niliwahi kuushika ufunguo huo.

Ilikuwa 2015, kwetu Makorora. Mdogo wangu, mimba miezi sita. Mlango niliufunga kwa mkono wangu, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la khanga. Arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, ikampanda, akatetemeka, akalia mwili wote unamuuma, akanigongea huku ananiita mama. Nikaziba masikio, nikaamini ndiyo mapenzi. Usiku wa tatu tumbo likaanza kukaza, damu ikamtoka. Bajaji mpaka hospitali, na huko tukakalishwa kwenye benchi hadi alfajiri kwa sababu "huyu teja". Neno lile bado linanichoma.

Daktari aliyekuja asubuhi aliniuliza nani katuambia tumkatishe ghafla. Akaeleza kwamba arosto ya mama humfika mtoto tumboni: mfuko wa uzazi unakaza, mimba inaweza kutoka au mtoto akazaliwa njiti. Mjamzito aliyezoea unga hupewa metadoni, dawa inayoshika nafasi ya unga ili arosto isimpande, kila siku chini ya uangalizi. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kusema hivyo kwenye mwongozo wake wa 2014. Mimi nilikuwa sijui, na kutojua kwangu kulikaribia kuua watu wawili.

Muhimbili walikuwa wakitoa metadoni tangu 2011, basi tukahamia Dar kwa shangazi. Miezi ile siisimulii, ni foleni tu.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mzuri. Siku ya tatu ndiyo kilio kikaanza: chembamba, kikali, hakibembelezeki. Anapiga chafya mfululizo, mikono inatetemeka, ananyonya kwa pupa halafu anatema. Shangazi akasema degedege, mwingine akasema jini. Muuguzi akasema hapana, hiyo ni arosto. Dawa ilikuwa ikimfikia kwa kitovu, kitovu kimekatwa. Kwa mtoto wa heroini huanza siku ya kwanza au ya pili, kwa metadoni huchelewa kidogo. Muuguzi akawa anapita kila baada ya saa kadhaa, anahesabu chafya na kutetemeka, anatia alama. Baadaye nilisoma kwamba jedwali la namna ile lilitungwa na daktari Loretta Finnegan wa Marekani, likachapishwa 1975.

Tulizima taa, tukapunguza kelele, mdogo wangu akamlaza kifuani ngozi kwa ngozi, akamnyonyesha kwa ruhusa ya daktari. Wapo wanaohitaji dawa ya matone. Wetu alitulia bila hiyo.

Kurudi Tanga, nikasikia "mtoto wa teja, hatakuwa na akili." Nikasoma kwa hasira. Philadelphia, Marekani, daktari Hallam Hurt alianza mwaka 1989 kuwafuatilia watoto 224, karibu nusu yao mama zao walitumia kokeni wakiwa na mimba. Kokeni si unga wetu, najua, lakini watu wa huko walikwisha kuwaandika watoto wale kuwa wameharibika. Walipokua, tofauti kubwa kati ya makundi mawili haikuonekana. Kilichowarudisha nyuma wote ni umaskini. Na pombe je? Pombe ndiyo inayojulikana wazi kuharibu ubongo wa mtoto tumboni, moja kwa moja. Binamu yetu alikunywa mnazi mimba nzima, nani alimtungia jina mwanawe?

Wetu sasa yuko darasa la tano. Muhula uliopita alikuwa wa tatu darasani, na nimemwonyesha kila shangazi ile karatasi ya matokeo.

Ndugu zangu, acheni kufungia watu. Acheni kuwatukana. Mjamzito akiogopa aibu haendi kliniki, na asipokwenda kliniki hakuna atakayejua kwa nini mtoto analia.

Dada wa Duga, kama bado hamjaenda, nendeni sasa, na mkifika mwambieni mkunga wazi anatumia nini, kiasi gani, mara ngapi kwa siku. Wakiwakalisha kwenye benchi, usiondoke. Kaa naye, mshike mkono, na umwambie mkunga atakayepita kwamba damu au tumbo kukaza hakungoji asubuhi.