Maswali ya Wasomaji: Hadithi fupi, muvi na habari za leo vinaunganishwaje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mwalimu wa fasihi. Niliwapa wanafunzi kazi ya kuunganisha suala la maadili kwenye hadithi fupi na muvi moja na habari moja ya siku hizi, hadithi yenyewe ni The Lottery ya Shirley Jackson. Karibu wote wameniletea kitu kilekile, hadithi inahusu ukatili, The Hunger Games inahusu ukatili, na duniani kuna ukatili mwingi, basi. Siwezi kusema wamekosa, lakini naona kabisa hapo hamna kitu. Nifanyeje?

JIBU: Salama mwalimu, na pole na kusahihisha. Kiukweli wanafunzi wako wamefanya kile ambacho wengi wetu tunafanya, wameanza na jina la dhamira, na jina la dhamira ni pana mno. Ukatili unaingia karibu kwenye kila stori iliyowahi kuandikwa, kwa hiyo ukishalitaja tu umemaliza, huna pa kwenda tena. Waambie hilo neno waliweke pembeni kabisa, watafute sehemu moja ndani ya hadithi ambapo mtu alikuwa na njia mbili akachagua moja, halafu watafute sehemu kama hiyo kwenye muvi, waziweke pamoja waangalie nini kinatokea.

Kwa ambao hawajaisoma, ni kijiji cha watu kama mia tatu, kila mwaka tarehe 27 Juni wanakusanyika uwanjani kuchomoa vikaratasi kwenye boksi, na atakayepata chenye alama nyeusi anapigwa mawe hadi kufa. Mwaka huo kinamwangukia mama anaitwa Tessie Hutchinson. Jarida la The New Yorker lilipoichapa Juni 1948 lilipokea barua zaidi ya 300 kuhusu hadithi hiyo moja, na nyingi zilikuwa za watu waliochanganyikiwa au waliokasirika.

Sasa kuna kipande ambacho watu wengi wanakiruka. Familia ya Hutchinson ikishajulikana kwamba ndiyo imepata, kabla hawajachomoa raundi ya pili ya kumpata mtu mwenyewe, Tessie anapiga kelele kwamba binti yake aliyeolewa, pamoja na mume wa huyo binti, nao waingizwe wajaribu bahati yao. Na anaambiwa pale pale, unajua wewe mwenyewe kwamba binti aliyeolewa anachomoa na ukoo wa mume. Yaani mama anataka mwanawe wa kumzaa aongezwe kwenye kura ili yeye nafasi yake ya kufa ipungue. Halafu nenda kwenye The Hunger Games ya 2012, ambako vijana wanachaguliwa kwa kura kwenda kupigana hadi kufa, jina la binti mdogo Prim linaitwa, na dada yake mkubwa, Katniss, anapita katikati ya watu anasema naenda mimi badala yake. Kura kwa kura, ndugu kwa ndugu, mmoja anamvuta mwanawe ndani na mwingine anamtoa mdogo wake nje. Hapo mwanafunzi ana kitu cha kuandika, maana swali linakuwa hofu inamfanya nini mtu kwa watu anaowapenda, na kwa nini hawa wawili wakatofautiana.

Na asiishie kwenye kufanana, hapa naomba uwakazie sana. Kwenye muvi watu wanalazimishwa, kuna askari wenye silaha na kuna serikali ya mbali inayowaadhibu. Kwenye hadithi hakuna hata askari mmoja. Anayeendesha kura ni jirani yao, na watu wanaambiana palepale uwanjani kwamba vijiji vingine vimeshaacha, mzee Warner anawajibu hao ni wajinga, na mambo yanaendelea. Kwa hiyo kuacha kunawezekana, na wao wanajua kunawezekana, na ndiyo maana kwangu hadithi inauma kuliko muvi, kwa sababu muvi inakupa mtu wa kumlaumu na hadithi haikupi.

Habari ya siku hizi waachie wachague wenyewe ila wengi watakimbilia vita, na vita mara nyingi haikai vizuri na hadithi hii kwa sababu ina amri na ina majeshi. Kinachokaa vizuri ni pale mtu anaposhambuliwa mtandaoni na maelfu ya watu, kila mmoja komenti yake moja. Kwenye hadithi kuna mtoto mdogo wa Tessie anaitwa Davy, na mtu fulani anamwekea vijiwe vichache mkononi, ili na yeye ashiriki. Mwandishi hamtaji aliyempa. Huyo asiyetajwa mimi huwa namfikiria sana nikiona watu wanatag wenzao ili na wao waje wachangie. Halafu muulize mwanafunzi ulinganisho unavunjika wapi, atakuambia Tessie hakumkosea mtu yeyote, lakini anayeshambuliwa mtandaoni wakati mwingine kweli amefanya kosa. Mwambie vizuri, aya inayofuata ianzie hapohapo.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, naandika kuhusu The Minority Report. Hadithi na muvi vinapingana kabisa mwishoni, sasa nikitaka kuunganisha na mambo ya leo ya akili bandia nifuate ipi?

JIBU: Marahaba. Zichukue zote mbili, huko kupingana ndiko kwenye utajiri wako. Philip K. Dick aliandika hadithi mwaka 1956, polisi wanatumia watu wanaoona yajayo ili wakamate wauaji kabla hawajaua, na mkuu wao Anderton anaona jina lake limetoka kwenye kadi kwamba ataua. Mwisho wa hadithi anaua kweli, anaua kwa kudhamiria ili watu waendelee kuamini kwamba mfumo haukosei, kisha anahamishiwa sayari nyingine na mfumo unabaki. Muvi ya Steven Spielberg ya 2002 imegeuza, Anderton anafika mbele ya mtu aliyetabiriwa kwamba atamuua, anakataa kumuua, bunduki inalia kwa sababu yule mtu mwenyewe ameivuta, na mwisho mradi wote unafungwa na waliofungwa wanaachiwa. Hadithi inauliza utatoa nini kulinda mfumo unaouamini, muvi inauliza kama mtu anaweza kubadilika akishajua kilichotabiriwa. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa, usiyachanganye.

Ukija kwenye habari kuna mfano halisi. Polisi wa Los Angeles walitumia programu inaitwa PredPol kwa miaka kadhaa wakaiacha mwaka 2020, na mwaka huohuo mji wa Santa Cruz, California, ulipiga marufuku polisi wake kutumia programu za kutabiri uhalifu. Lakini kuwa makini, PredPol ilikuwa inataja eneo na muda, haikuwa inataja mtu, na ilikuwa inajifunza kutokana na ripoti za uhalifu zilizopita. Wanaoipinga walisema kama polisi walikuwa wanazunguka sana mtaa mmoja, ripoti za mtaa ule zitakuwa nyingi, na programu itawarudisha kulekule. Kwenye hadithi wanaotabiri ni watu wanaoona kesho, kwenye programu ni jana inayorudishwa kama kesho. Ukiandika tu kwamba hadithi iliona mbali utakuwa umeipita tofauti hiyo, na mimi kama ningekuwa nasahihisha hiyo ndiyo ningeitafuta kwanza.

SWALI: Nimeona klipu mtandaoni ya tukio ambalo bado linazungumzwa, nataka kuliunganisha na hadithi ila kila siku linatoka jipya. Nisubiri au niandike?

JIBU: Andika, ila chagua hadithi inayoweza kubeba hali ya kutojua. Ryūnosuke Akutagawa ana hadithi ya mwaka 1922, In a Grove, mtu amekufa msituni na tunasikia ushahidi wa watu saba, haulingani, na mwandishi anatuacha bila jibu. Akira Kurosawa akaitengenezea muvi ya Rashomon mwaka 1950, na yeye akaongeza mwisho wake, mkata kuni aliyekuwa anaficha alichokiona anaamua kuchukua kichanga kilichotupwa akakilee. Ukweli bado haujulikani, lakini mtu kashafanya jambo jema. Kwa klipu yako hiyo ni pointi nzuri kuliko kutafuta nani mkosaji, uliza walioangalia walitakiwa wafanye nini kabla ya kujua yote. Usimtaje mtu jina kama mkosaji wakati bado hakuna uamuzi, tenganisha kilichoonekana kwenye klipu na kilichosemwa na walioposti, na tarehe ya kuandika iweke juu kabisa ili anayesoma baadaye ajue ulikuwa na taarifa za siku gani.