Boom halitoshi parachuti, lakini kuna njia

Mdogo wangu wa Tabora, umeuliza kama boom, zile pesa za mkopo wa chuo, linaweza kukufundisha kuruka na parachuti. Haliwezi, na ukiligusa utakula mihogo mitupu hadi muhula uishe.

Kusomea leseni ya kuruka peke yako ni jambo moja, kuruka mara moja umefungwa kifuani kwa mwalimu ni jingine. Leseni ya kwanza ya Marekani, daraja A, inadai miruko 25, na kila mruko unalipia kiti cha ndege. Pesa zinaishia hapo.

Anza na huo mmoja. Diani, Kenya, wanarusha: treni hadi Dar, basi la Mombasa kupitia Horohoro, unashuka Ukunda. Pasipoti ianze kutafutwa sasa. Nauli uza asali kwa wenzako chuoni, ya kwenu inajiuza.

Tumbo halipandi kama kwenye bembea, watu wengi hushangaa. Ni upepo tu, kama kilomita 200 kwa saa, mashavu yanapepea, kisha parachuti inafunguka na kimya kinaingia ghafla.

Parachuti ya mtumba ya mtandaoni usinunue, hata ya bei ya kutupa. Maana ukubwa wake unaweza usikufae: mwanafunzi huanza na kubwa, akizoea anahamia ndogo.