Maswali na majibu: Hiyo asilimia 4 ni ya nani?

Msimu wa maombi ya vyuo vya Marekani umefunguliwa, na kikapu changu kimejaa Harvard, MIT na wenzao, yaani vyuo binafsi ambavyo hukubali karibu watu 4 kati ya 100, na kazi yao kubwa ni kukataa watu. Nimechagua maswali machache. Aliyeuliza kama Harvard wanapokea maombi kwa WhatsApp atanisamehe.

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, Divisheni wani ya pointi 3, PCM (fizikia, kemia na hisabati). Nina asilimia ngapi ya kuingia Harvard? (Mwanza)

Marahaba. Hili ni swali la tisa la aina hii tangu mwezi uanze. Asilimia huna, mwanangu. Asilimia ni ya chuo.

Tazama. Mwaka 2020 Harvard ilipata maombi 40,248 ikakubali watu 1,980, karibu asilimia 4.9. Mwaka uliofuata maombi yakafika 57,435, waliokubaliwa wakawa 1,968, asilimia 3.4. Je, watoto wa dunia walipungukiwa akili ndani ya miezi 12? Viti viling'olewa? Viti ni vile vile. Korona ilifunga vituo vya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, chuo kikasema mtihani si lazima, na kila aliyekuwa akijishuku akaona naye ajaribu bahati. Foleni ilirefuka, mlango ukabaki ulivyo. Wewe na pointi zako ungekuwa mtu yule yule mwaka ule na huu.

Na vyuo vyenyewe vinaipenda foleni ndefu. Huko Marekani vinanunua majina ya wanafunzi waliofanya mitihani na kuwatumia barua tamu tamu, mtoto akaamini ameitwa. Chuo kinachokataa 96 kati ya 100 hujiona kitukufu kuliko kinachokataa 60, na watu wanakipigia makofi. Mimi sioni utukufu wa kumlisha mtoto matumaini ili baadaye umhesabu kwenye waliokataliwa.

Pointi 3 ni matokeo mazuri sana. Zinakuweka kwenye rundo la wanaoyaweza masomo, na rundo hilo ndilo kubwa kuliko yote. Shida ni kwamba anayesoma faili lako kule Massachusetts, jimbo la Harvard na MIT, huenda hajui kuwa kwetu pointi 3 ndiyo kilele. Lazima aambiwe. Kuna karatasi inayoitwa maelezo ya shule: shule ina wanafunzi wangapi, wangapi walipata wani, A inaanzia alama ngapi. Kaulize shuleni kwako kama ipo. Kama haipo, andika rasimu wewe, umpelekee mkuu wa shule aisahihishe na kuipiga mhuri. Usisubiri aamke siku moja aikumbuke.

Niko na A ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne Kenya, na SAT 1480. MIT watanichukua? (Eldoret)

Sijui, na anayekuambia anajua anakuongopea. Ninachojua ni hiki. MIT waliirudisha SAT kuwa lazima mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Brown na Harvard wakafuata. Wengi wa wanaoingia MIT wako juu ya 1500, na kwenye hisabati wanagusa 800. Kwa waombaji wasio raia wa Marekani MIT hukubali chini ya 3 kati ya 100, na hawafichi kwamba idadi ya wageni ina kikomo. Kwa hiyo ile asilimia unayoisoma kwenye mitandao, ya waombaji wote kwa jumla, wala haikuhusu. Ya kwako ni ndogo zaidi. Kama hisabati imekuangusha, rudia mtihani mara moja. Mara ya nne ni kuchezea pesa ya mzazi.

Halafu mbona MIT peke yake? Uko jirani na Iten, ndiko kwenye mizizi ya KenSAP, mradi ulioanzishwa mwaka 2004 na Mike Boit, yule mkimbiaji wa medali ya shaba ya mita 800 Munich 1972, pamoja na mwandishi John Manners, kuwatafutia watoto wa Bonde la Ufa vyuo vya aina hii hii. Watafute waliopitia huko. Watakueleza mengi kuliko mimi niliye mbali.

Kila chuo kinachukua asilimia 5. Nikiomba vyuo 20, si inakuwa asilimia 100? (Mombasa)

Ukirusha sarafu mara mbili, kichwa lazima kitoke?

Anayejua hesabu kidogo atakusahihisha kwamba ni asilimia 64: zidisha 0.95 kwa 0.95, hivyo hivyo mpaka zitimie 20, utoe kwenye moja. Na huyo naye kakosea. Hesabu yake ni ya bahati nasibu, ambapo tiketi moja haina habari na nyingine. Faili lako ni moja linalozungushwa milango 20, na kama barua ya mwalimu ni mbovu, itakuwa mbovu mara 20. Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, inakuruhusu vyuo 20. Haikulazimishi.

Omba vinane kwa uangalifu. Viwili viwe vya ndoto, vilivyobaki viwe ambavyo umethibitisha vinatoa pesa kwa wageni. Ipo Berea College kule Kentucky, haimtozi mwanafunzi ada tangu 1892, ingawa kwa wageni nayo ina mchujo mkali. Na ujaze KUCCPS, maombi ya vyuo vya kwenu Kenya, tafadhali. Nimeona watoto wakiisubiri Massachusetts mpaka dirisha la nyumbani likafungwa.

Kuna bwana anataka dola 4,000 anihakikishie nafasi. Nimlipe kidogo kidogo? (Zanzibar)

Usimlipe hata senti.

Anakuuzia kitu kisicho chake. Rick Singer, aliyewaingizia matajiri wa California watoto kwa kuhonga makocha na kuchezea mitihani, alikuwa na watu ndani kweli, na bado FBI, wapelelezi wa Marekani, walimfikia mwaka 2018 na mahakama ikamfunga miaka mitatu na nusu. Huyo wako ana nini, kompyuta mpakato na kadi za biashara? EducationUSA, ofisi ya ushauri inayofadhiliwa na serikali ya Marekani, inashauri bure. Hao madalali nimewapigia kelele humu miaka yote na bado mnawapelekea pesa za karafuu.

Nimesikia mtoto akiomba msaada wa ada anakataliwa. Nisitie alama kwenye kile kisanduku cha kuomba msaada kwenye fomu? (Mzazi, Nairobi)

Mama, hapa ndipo penye mchezo wenyewe, na karibu hakuna anayeuliza vizuri kama wewe.

Vyuo viko makundi mawili. Kundi la kwanza halitazami mfuko wako wakati wa kuamua, hata kama ni mgeni, na likimkubali mtoto linalipa pengo lote ambalo familia haiwezi. Ni dogo: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni wa siku nyingi, Dartmouth na Bowdoin wakajiunga 2022, Brown ikafuata kwa walioingia 2025. Huko tia alama bila kuogopa.

Kundi la pili, ambalo ndilo karibu wote waliobaki, likiwemo jina kubwa kama Stanford, humwangalia mgeni pamoja na gharama yake. Huko kuomba msaada kunapunguza nafasi, ni kweli. Sasa mzazi anasema: tusitie alama, akishaingia tutaomba. Usithubutu. Stanford, kwa mfano, mgeni ambaye hakuomba msaada tangu mwanzo hataruhusiwa kuomba miaka yote minne. Nimemwona mzee mmoja akiuza kiwanja mwaka wa kwanza na gari mwaka wa pili. Mwaka wa tatu mtoto alirudi nyumbani.

Cha kufanya: vyuo vingi hutoa kila mwaka hati inayoitwa Common Data Set. Iandike pamoja na jina la chuo kwenye intaneti, ifungue, nenda kipengele H6. Hapo utaona ni wanafunzi wangapi wa kigeni waliopewa msaada na wastani wa kiasi walichopewa. Chuo kikiwa na wageni 400 na waliosaidiwa 12, umepata jibu, hata kama matangazo yao yamejaa picha za Waafrika wakicheka kwenye nyasi. Ukiwa na bando la kufungua ukurasa mmoja tu, fungua huo.

Waombaji wa mapema Harvard wanakubaliwa karibu asilimia 9, wa kawaida chini ya 3. Niwahi? (Arusha)

Namba ni sahihi, umezisoma vibaya. Kwa darasa lililoingia 2024, maombi ya mapema yalikuwa 7,921 na waliokubaliwa 692. Lakini kwenye foleni ile wamo wanamichezo waliokwisha kuchaguliwa na makocha, na watoto wa waliosoma pale. Kesi dhidi ya Harvard iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa Juni 2023 ilifungua makabati. Wachumi waliochambua data zake walikuta zaidi ya asilimia 43 ya Wazungu waliokubaliwa walikuwa wanamichezo walioitwa, watoto wa waliosoma pale, watoto wa wafanyakazi, au watu wa orodha maalumu ya wakubwa wa chuo. Watoe hao ndipo uhesabu upya.

Wahi kama faili limeiva. Kama SAT ya kwanza ndiyo kwanza unaifanya Oktoba, subiri maombi ya kawaida ya Januari. Na ziko mapema za aina mbili. Ya Harvard, Yale na Princeton haikufungi, ila inakuzuia kuomba mapema vyuo vingine binafsi. Nyingine inakufunga: ukikubaliwa, lazima uende. Hiyo usiitie sahihi kabla hujakaa na kikokotoo cha gharama kwenye tovuti ya chuo. Kikokotoo cha ada, siyo kile cha pensheni kilichotutoa machozi.

Mjomba wangu alisoma Yale kozi ya wiki sita. Inanisaidia? (Muscat)

Mjomba si mzazi, na wiki sita si shahada.

Rafiki yangu aliandika insha ya maombi kuhusu umaskini akakubaliwa. Mimi nimekulia Mikocheni, mtaa wa wenye uwezo. Niandike kuhusu kuchota maji? (Dar es Salaam)

Ndoo! Msimu uliopita nilisoma insha za watoto mpaka macho yakaniuma, na kumi na moja zilikuwa na ndoo kichwani. Kijana mmoja aliandika jua kali, kisima cha mbali, mama anahema. Nikamwuliza, ndoo ile ilikuwa ya lita ngapi? Akafikiri. "Tano?" Aliyewahi kubeba ndoo ya lita 20 hafikiri, shingo inajibu yenyewe.

Kulinganisha, binti mmoja wa Tandika aliandika kuhusu daftari la madeni la mama yake muuza vitumbua. Hakutaja neno umaskini. Alitaja ukurasa wa mwisho, ambako mama alihamishia majina ya wasiolipa: bodaboda wa kona 600, fundi redio 1,500, na jina moja limeandikwa "asamehewe" bila kiasi. Binti alitaka kujua mama anaamuaje nani ahamie ukurasa ule. Alitumia maneno 600 kulitafuta jibu, na mwisho wake unakuwa umemjua yeye pamoja na mama yake. Wewe wa Mikocheni una daftari lako mahali fulani. Litafute, ndoo waachie wenyewe.

Na kwa kuwa mmenifikisha hapa: mnahangaika na insha, mnasahau barua ya mwalimu. Ninayo moja mezani. "Namfahamu mwanafunzi huyu. Ana nidhamu na anatii sheria za shule. Namtakia kila la heri." Basi. Mhuri wa bluu umefunika nusu ya sahihi. Kwetu hiyo ni sifa kubwa, mkuu wa shule hasifii ovyo. Msomaji wa kule anaelewa kwamba mwalimu hana la kusema. Mwandikie mwalimu wako ukurasa mmoja wa mambo aliyokuona ukiyafanya: siku ile maabara ilipokosa gesi, swali ulilomwuliza akaja na jibu kesho yake. Umwachie wiki tatu, si siku moja kabla ya mwisho huku umesimama mlangoni kwake.

Nikikubaliwa, viza inakuja yenyewe? (Bujumbura)

Hapana. Burundi iko kwenye zuio la viza la Marekani tangu Juni 2025, na viza za wanafunzi zimo ndani yake. Tanzania iliongezwa kuanzia Januari 2026. Mambo haya hubadilika, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi kabla ya kununua tiketi, na uulize chuo kwa maandishi kama wataruhusu kuahirisha mwaka mmoja. Ndiyo maana nasema usifunge mlango wa nyumbani.

Niko orodha ya kusubiri. Kuna matumaini? (Toronto)

Harvard wenyewe wanasema kuna miaka hawakuchukua mtu hata mmoja humo, na kuna miaka walichukua zaidi ya 200. Andika barua moja fupi kwamba bado unataka, kisha lipa amana ya chuo kingine kilichokukubali.

Nitume nakala za vyeti vyangu vyote, hata vya mpira wa darasa la tano? (Morogoro)

Common App ina nafasi 10 za shughuli na 5 za tuzo. Cheti cha darasa la tano kibaki ukutani kwa mama.